Kwa Nini Baadhi ya Watu wa Dini Waikataa Nadharia ya Mageuko?



Katika darasa letu la baada ya Magharibi alisimama kijana mmoja, mwanafunzi wa skuli, akauliza suala lililotunyamazisha sote. Alisema yakuwa mwalimu wake alipokuwa akisomesha nadharia ya mageuko ya viumbe, yeye aliinua mkono akasema kuwa Waislamu hawayaamini hayo. Darasa zima likacheka, na mwalimu akamjibu kuwa maneno hayo ni ya watu wasiosoma. Aliporudi nyumbani akamweleza baba yake. Baba akakichukua kile kitabu cha skuli akakitupa uani, akamwambia kuwa mwenye kukisoma amekufuru. "Skuli nimeitwa mjinga, na nyumbani nimeitwa kafiri," alisema yule kijana, "na wala sikufanya lolote ila kuuliza. Basi niende wapi?"

Suala hili si dogo. Kijana aliyefungiwa milango miwili hutafuta wa tatu, na mlango huo mara nyingi ni wa kuihama dini kimya kimya: mwili umo msikitini siku ya Ijumaa, na moyo umekwisha kwenda zake. Kwa hivyo tumeona ni wajibu kuandika somo hili, tueleze kwa insafu ni kwa nini watu wa dini, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, wameikataa nadharia hii, na ni vipi wenye shaka na dini wanavyowahukumu, na ni wapi kila upande umekosea.

Nadharia yenyewe yasemaje

Haifai mtu kulipinga jambo kabla hajalijua. Charles Darwin, Mwingereza, alitoa kitabu chake juu ya asili ya jinsi za viumbe mwaka 1859, na mwaka 1871 akatoa kingine juu ya asili ya binadamu. Muhtasari wa maneno yake ni huu. Viumbe vya jinsi moja havifanani sawasawa. Kila kimoja kina tofauti zake ndogo, na nyingi katika tofauti hizo hurithiwa. Viumbe huzaliwa wengi kuliko wanaoweza kuishi. Basi yule ambaye tofauti zake zamfaa mahali alipo huishi na kuzaa zaidi kuliko mwenzake, na kwa muda mrefu mno jinsi ile hubadilika, hata pengine jinsi moja ikagawanyika ikawa mbili.

Mfuga njiwa yeyote katika mji wetu ajua jambo lililo karibu na hili, kwani huchagua dume na jike kwa rangi na kwa mruko, na baada ya vizazi kadhaa akapata njiwa asiyefanana na wale aliowaanza. Darwin mwenyewe alifuga njiwa, na aliyaona hayo kwa macho yake. Tofauti ni kuwa uwandani hapana mfugaji achaguaye. Ni mazingira, na njaa, na maradhi, ndiyo yanayobakisha huyu na kumwondoa yule.

Na hapa tuondoe kosa linalorudiwa barazani kila siku. Nadharia hii haisemi kuwa nyani tumwonaye leo amemzaa mtu. Yasema kuwa mtu na sokwe wana asili moja ya kale sana, mfano wa binamu wawili wenye babu mmoja. Wala hapana asemaye kuwa binamu ni baba wa binamu yake.

Tena wako wasemao, "Hiyo ni nadharia tu." Katika lugha ya watu wa ilimu hizi, nadharia si dhana ya mtu aliyekaa kivulini akawaza. Ni maelezo yaliyokusanya mambo mengi yaliyoonekana na kupimwa. Tangu siku za Darwin dalili zimezidi: mifupa ya kale iliyochimbuliwa ardhini, na yale maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya chembe za mwili, ambayo yeye Darwin hakuyajua kabisa. Leo wataalamu wa viumbe ulimwenguni wameijenga ilimu yao juu ya nadharia hii. Tusijidanganye kuwa iko karibu kuanguka.

Sababu za wanaoikataa

Sababu ya kwanza, nayo ndiyo iliyo wazi, ni kuyalinda maandiko. Mwislamu amefunzwa kuwa Mwenyezi Mungu alimuumba Adam kwa udongo, akampulizia roho, akamfunza majina, na akawaamuru malaika wamsujudie. Mkristo na Myahudi nao wana khabari inayokaribiana na hiyo katika vitabu vyao. Mtu akiambiwa kuwa asili yake ni mnyama, huona kuwa ameambiwa mambo mawili: kuwa kitabu chake si kweli, na kuwa ile heshima aliyopewa mwanadamu haikuwapo. Mwenye kuogopa jambo hilo si mpumbavu. Ameelewa kuwa kuna kitu kikubwa kilichowekwa mizanini.

Sababu ya pili ni kuiogopea heshima ya binadamu, na hii wenye kucheka hawaitaji. Mwaka 1906, katika mji wa New York, mtu mmoja wa Kongo aitwaye Ota Benga aliwekwa katika nyumba ya kima ya bustani ya wanyama ya Bronx, pamoja na orangutani, na watu wakamiminika kumtazama. Waliosimama kumtetea walikuwa wachungaji weusi wa kanisa la Baptisti. Walisema kuwa ni dhulma kumweka mtu mwenye roho pamoja na wanyama, na kuwa maonyesho yale yalikusudiwa kuitia nguvu nadharia ya Darwin, nao hawaikubali. Gazeti kubwa la mji huo halikuona sababu ya makelele yao. Basi tupime: siku ile nani alikuwa na haki? Wale wasomi waliojua habari za Darwin wakamfungia mtu pamoja na wanyama, au wale wachungaji walioikataa nadharia wakamtoa? Ota Benga alitolewa mwezi ule ule, lakini hakurudi tena kwao. Alijiua mwaka 1916.

Wala hilo halikuwa jambo la mwendawazimu mmoja. Mwaka 1925, katika mji mdogo wa Dayton, jimbo la Tennessee, Marekani, mwalimu John Scopes alishtakiwa kwa kusomesha mageuko, kinyume cha sharia ya jimbo lile. Alihukumiwa faini ya dola 100, na hukumu ile ikatanguliwa baadaye kwa kosa la utaratibu. Kesi hiyo husimuliwa siku zote kuwa ni vita vya nuru na giza. Lakini kitabu cha skuli kilichosababisha kesi, kilichotungwa na George Hunter mwaka 1914, kiliwapanga wanadamu kwa daraja kikawaweka watu weupe juu ya wote, na kikafundisha kuwa jamaa za watu walio dhaifu wa akili na tabia ni kama vimelea katika mji, na kuwa haifai waachwe kuzaa. Na William Jennings Bryan, aliyesimama upande wa mashtaka, alikuwa amepiga kelele miaka kadhaa kuwa mafunzo ya mwenye nguvu kumla mnyonge yameharibu nyoyo za watu na kuchochea vita vikuu vya 1914. Alikosea katika ilimu ya viumbe, na kujizuilia kwake kuijua kulikuwa ni aibu. Ama khofu yake haikuwa ya bure.

Wenye ilimu watajibu kuwa matumizi hayo mabaya si nadharia yenyewe. Na jawabu hilo ni sahihi. Tofauti baina ya viumbe ni khabari ya yaliyokuwa, wala si amri ya yanayopasa kuwa. Leo ilimu hiyo hiyo ya urithi imezivunja zile daraja za rangi, ikathibitisha kuwa wanadamu wote ni ukoo mmoja na kuwa asili yao ni bara hili letu la Afrika. Lakini mtu aliyeumwa na nyoka halaumiwi akishtuka kwa ung'ongo.

Sababu ya tatu ni mkono ulioileta. Kwa Waislamu wengi ilimu hii ilifika pamoja na bendera ya mtawala, au katika vinywa vya watu walioitumia kama rungu la kuipigia dini. Katika nchi za Kiarabu mmoja wa waliotangulia kuieneza, Shibli Shumayyil, aliichanganya na madhehebu ya kuwa hapana chochote ila madda. Msikilizaji hakupewa nafasi ya kupokea khabari ya viumbe peke yake. Aliletewa sahani moja, ndani yake ilimu na ukanaji wa Mungu vimepikwa pamoja, akaambiwa ale yote au aache yote. Wengi wakaacha yote.

Sababu ya nne ni kutojua, na hii tuikiri bila ya kujitetea. Wengi wetu twaikataa nadharia ambayo hatujapata kuisoma hata ukurasa mmoja.

Mifano miwili ya maulamaa

Katika wakubwa wetu waliolikabili jambo hili tuchukue wawili, tuone tofauti ya njia zao.

Wa kwanza ni Sayyid Jamal al-Din al-Afghani, aliyeandika huko India, kiasi cha mwaka 1881, risala ya kuwarudi wanaoamini madda peke yake, na Sheikh Muhammad Abduh akaifasiri kwa Kiarabu mwaka 1886. Humo alimfanyia Darwin dhihaka. Alisema: Waarabu na Mayahudi wametahiri watoto wao kwa karne nyingi, mbona hajazaliwa hata mmoja aliyekwisha kutahiriwa? Hoja hii huchekesha, na mpaka leo husikika. Lakini haikumpata aliyekusudiwa, kwani uzito wa nadharia hausimami juu ya viungo vilivyokatwa. Katika miaka ile ile ya 1880 mtaalamu wa Kijerumani, August Weismann, aliyekuwa mfuasi mkubwa wa Darwin, alikata mikia ya panya kizazi baada ya kizazi, akaona kuwa watoto wao huzaliwa na mikia yao timamu. Naye hakuiacha nadharia, bali aliitumia natija ile kuisafisha. Katika mazungumzo yake ya mwisho, yaliyokusanywa na Muhammad al-Makhzumi, Sayyid mwenyewe alilegeza maneno yake.

Wa pili ni Sheikh Husayn al-Jisr wa Tripoli ya Sham, aliyekuwa mwalimu wa Sayyid Rashid Rida, yule aliyeanzisha jarida la al-Manar mjini Cairo mwaka 1898, ambalo lilisomwa na maulamaa wa pwani yetu pia. Sheikh al-Jisr alitoa kitabu chake mwaka 1888. Hakucheka, wala hakutukana. Aliweka kanuni: aya huchukuliwa kwa dhahiri yake maadamu haijapatikana dalili ya kukata inayopingana nayo, na ikipatikana dalili ya namna hiyo, basi aya hufasiriwa kwa njia inayoafikiana nayo, kwa kuwa haki haipingani na haki. Akasema kuwa kwake yeye dalili ya kukata bado haijafika, lakini akaongeza kuwa Mungu kuumba kwa mara moja na Mungu kuumba kwa daraja, yote mawili yaonyesha kudura yake, na mwenye kuamini la pili hatoki katika dini maadamu aamini kuwa muumbaji ni Mungu.

Tazama utulivu wa mtu huyu. Aliandika miaka sita tu baada ya ugomvi mkubwa katika skuli kuu ya wamishonari wa Kimarekani huko Beirut, ambapo mwaka 1882 mwalimu Edwin Lewis alimtaja Darwin kwa wema katika hotuba, akalazimishwa kujiuzulu, na wanafunzi wakagoma. Mlango walioufunga wale kwa fujo, sheikh huyu wa Tripoli aliuacha wazi kwa kanuni.

Na kanuni hiyo si mpya. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwisha kuonya kuwa mwenye kupinga hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi akidhani kuwa ainusuru dini, huidhuru dini. Kwani mwenye kuzijua hesabu zile hatazitilia shaka, bali ataitilia shaka dini. Na kabla ya Ghazali tunaye Mtume wetu (s.a.w.): siku aliyofariki mwanawe Ibrahim jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba wake. Ungekuwa wakati wa kunyamaza ili imani za watu zizidi. Hakunyamaza. Aliwaambia kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Hakutaka imani ijengwe juu ya khabari isiyo kweli, ijapokuwa khabari hiyo ilimtukuza yeye.

Hukumu ya wenye shaka

Sasa tuwageukie wanaowahukumu waumini. Husema mambo matatu.

Husema kwanza kuwa anayekataa hukataa kwa ujinga. Wako walio hivyo, tumekiri. Lakini mwaka 2012 huko Marekani watu waliulizwa kama ni kweli kuwa binadamu ametokana na jinsi za wanyama wa kale, na asilimia 48 wakajibu ndiyo. Watu wengine wakaulizwa suala lile lile kwa kutanguliza maneno "kwa mujibu wa nadharia ya mageuko", na asilimia 72 wakajibu ndiyo. Hapa pana mazingatio. Wengi walijua barabara nadharia yasemaje. Walichokataa ni kutia muhuri wa imani yao chini yake. Mtu akiulizwa suala hili, mara nyingi haulizwi ajua nini, bali huulizwa yeye ni wa nani. Naye hujibu kwa ajili ya wazee wake na msikiti wake, kama alivyofanya kijana wetu alipoinua mkono.

Husema pili kuwa waumini wote ni kundi moja. Si kweli. Asa Gray, aliyekuwa rafiki na mtetezi mkubwa wa Darwin huko Marekani, alikuwa Mkristo mshika dini. Papa wa Roma mwaka 1950 aliwaruhusu wataalamu wake waichunguze asili ya mwili wa binadamu, na Papa mwingine mwaka 1996 akasema kuwa nadharia hii imekwisha kupita daraja ya dhana. Ama maulamaa wa Kiislamu wamekhitalifiana: wako wanaoikataa yote, wako wanaoikubali kwa mimea na wanyama wakamtoa Adam peke yake, kwamba kuumbwa kwake ni jambo lililopita ada, na wako wanaoona kuwa aya zaweza kufahamika pamoja nayo.

Husema tatu kuwa ilimu ya viumbe imekwisha kuthibitisha kuwa hapana Mungu. Hapa wao ndio waliotoka nje ya ilimu yao. Ajuaye jinsi mbegu inavyoota hakuthibitisha kuwa hapana mwenye shamba. Ilimu yaeleza njia. Ama suala la nani aliyeiweka njia, na kwa nini iko, halipimwi kwa darubini. Mwenye kutaka kulijadili na alijadili kwa falsafa, wala asilivike joho la maabara.

Lakini tusiwafunge midomo wanapokuwa na haki. Mwaka 2007 kitabu kikubwa cha kuipinga nadharia, kiitwacho Atlasi ya Uumbaji, kilichotungwa Uturuki kwa jina la Harun Yahya, kilipelekwa bure katika skuli na vyuo vya Ulaya. Ndani yake palikuwa na picha ya mdudu aliyeonyeshwa kuwa ni kiumbe hai, kumbe ni chambo cha bandia cha kuvulia samaki, na ndoana yake yaonekana! Mvuvi wetu yeyote wa pwani angaliitambua. Waliocheka walikuwa na haki ya kucheka, na aibu ile haikuwa ya mtungaji peke yake, kwa kuwa alijisemea kwa jina la Uislamu. Dini ya haki haihitaji kunusuriwa kwa chambo cha bandia.

Mafunzo ya somo hili

Kwa wazazi: usimwite mwanao kafiri kwa kitabu ambacho hukukisoma. Mwambie kwanza akifahamu sawasawa na ajibu mtihani wake kwa ukweli, kwani kueleza nadharia yasema nini si dhambi. Kisha mwende pamoja kwa mwenye ilimu ya dini, mkalizungumze lililobaki. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Daktari atakayemtibu mwanao kesho asoma ilimu hii hii.

Kwa walimu wa skuli: mwanafunzi aliyeinua mkono amekuamini akakuonyesha kilicho moyoni mwake. Ukimcheka hutamfunza mageuko. Utamfunza kuwa ilimu ni adui wa mama yake.

Kwa vijana: uadilifu tumeamrishwa hata kwa tunaowachukia, seuze kwa watu wa ilimu ambao hawakutukosea. Someni, na mtenganishe baina ya lililopimwa na lililoongezwa. Na jueni kuwa ilimu hii si mali ya Ulaya peke yake. Mifupa mashuhuri ya yule kijana wa Turkana, iliyokaribia kutimia mwili mzima, iligunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, mwananchi wa Kenya.

Na tumalizie hapa karibu na kwetu. Katika pango la Panga ya Saidi, upande wa Kilifi, wachimbuzi walikuta kaburi la mtoto wa kiasi cha miaka mitatu, na mwaka 2021 wakatangaza kuwa lina miaka ipatayo 78,000. Mtoto yule alilazwa kwa ubavu wake wa kulia, magoti yamekunjwa, na dalili zaonyesha kuwa mwili wake ulifungwa katika kitu mfano wa sanda, na kichwa kikawekewa mto. Hatujui walisema nini wazee wake walipokuwa wakimfukia, wala hatudai kuwa twalijua. Lakini msomi mwenye shaka na sheikh wa msikitini wakisimama pamoja mbele ya kaburi lile, sidhani kuwa atapatikana kati yao wa kusema kuwa aliyelala pale ni mnyama. Tangu hapo na waanze mazungumzo yao.

Huyo kijana wetu twamwambia: milango haijafungwa. Njoo darasani Jumatano, na ukilete kile kitabu kilichotupwa uani.

Wabillahi ttaufiq.